Wanyama wa Damu Baridi: Joto la Kuazima

Mada hii inaonekana rahisi, na ndiyo maana wengi hupoteza alama ndani yake. Mtahiniwa anaulizwa: "Eleza maana ya mnyama wa damu baridi." Anajibu: "Ni mnyama ambaye damu yake ni baridi." Jibu hilo halina alama hata moja. Mchana wa saa saba, mjusi anayeota jua juu ya jiwe anaweza kuwa na joto la mwili la nyuzi 35 za Selsiasi, karibu sawa na lako wewe mwenye nyuzi 37. Damu yake wakati huo si baridi hata kidogo. Hata hivyo, bado anaitwa mnyama wa damu baridi.

Tofauti haiko kwenye ubaridi wa damu. Iko kwenye mahali joto linapotoka. Wewe, ng'ombe, kuku na panya mnajitengenezea joto wenyewe kutokana na chakula, na mwili hulilinda lisibadilike. Samaki, chura, nyoka, kobe na mamba hupata sehemu kubwa ya joto lao nje ya mwili: kwenye maji, hewa, jua na ardhi. Kwa maneno mepesi, wanaishi kwa joto la kuazima. Mazingira yakipoa, nao hupoa. Mazingira yakipata joto, nao hupata.

Shika wazo hilo moja. Karibu kila swali la mada hii linajibika kutokana nalo. Mtihani utakuuliza kwa Kiingereza, na istilahi zake unazo kwenye kitabu cha kiada. Hapa tunataka kwanza uelewe kwa lugha unayoiwazia. Mifano mingi imetoka mkoani Kigoma, kwa sababu mkoa huu una maabara mbili za bure: Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko takribani mita 770 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Kalinzi, palipo juu zaidi na penye baridi ya kutosha kustawisha kahawa.

1. Kwa nini joto ni muhimu kwa mwili

Kazi zote za mwili, yaani kusaga chakula, kukaza misuli, kukua na kutengeneza mayai, ni mabadiliko ya kikemia yanayoharakishwa na vimeng'enya. Kasi ya vimeng'enya hutegemea jotoridi. Kwa kawaida, jotoridi likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya kazi za mwili huongezeka takribani mara mbili hadi mara tatu. Likizidi kiwango fulani, vimeng'enya huharibika na mnyama hufa.

Fanya uchunguzi huu bila kumgusa mnyama yeyote. Asubuhi ya mwezi wa saba, saa moja hivi, Kalinzi kukiwa bado na ukungu, tafuta mjusi ukutani. Utamwona amekaa kimya, au anajikokota. Rudi saa sita mchana. Kabla hujamkaribia hatua tatu, ameshapotea. Mjusi ni yule yule na misuli ni ile ile. Kilichobadilika ni jotoridi la misuli hiyo, na kwa hiyo kasi ya vimeng'enya vilivyomo.

Onyo: kanuni hii isikudanganye kuhusu nyoka. Nyoka aliyepoa asubuhi anaweza kutambaa polepole, lakini bado anaweza kuuma. Usimshike. Mtu akiumwa, asichanjwe wala kunyonywa jeraha. Atulizwe, asitembetembee, na apelekwe haraka kituo cha afya.

Sasa tazama mafuta jikoni. Mchuzi wa nyama ya ng'ombe ukipoa, mafuta yake huganda juu. Mafuta ya samaki hubaki majimaji. Mwili wa ng'ombe hukaa karibu na nyuzi 38 siku zote, kwa hiyo mafuta yake huwa laini muda wote anapokuwa hai. Samaki huishi katika maji yenye joto dogo kuliko hilo. Kama tando za seli zake zingekuwa na mafuta ya aina ya ng'ombe, zingekakamaa. Ndiyo maana mafuta ya samaki ni ya aina isiyoganda kwa urahisi. Mfano kama huu ukiuweka kwenye jibu, unaonyesha kwamba umeelewa, hukukariri.

2. Samaki

Samaki wana uti wa mgongo, mapezi ya kuogelea na kulinda mizani ya mwili, na wengi wana magamba. Hupumua kwa matamvua, yale mashavu mekundu unayoyaona mama muuza samaki akiyafunua kukuonyesha kwamba samaki wake ni wabichi. Wekundu huo ni wa damu iliyomo kwenye vishipa vidogo sana. Maji hupita upande mmoja na damu hupita upande wa pili, kwa mwelekeo unaokinzana. Mpangilio huo huwezesha damu kuchukua oksijeni nyingi zaidi kuliko kama vingekwenda upande mmoja.

Moyo wa samaki una vyumba viwili: auriko moja na ventriko moja. Damu hupita moyoni mara moja tu katika kila mzunguko. Hutoka moyoni, huenda kwenye matamvua, kisha mwilini, ndipo hurudi.

Zingatia mtego huu. Maji yakipata joto, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Kwanza, mwili wa samaki hufanya kazi kwa kasi zaidi, kwa hiyo huhitaji oksijeni zaidi. Pili, maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi. Maji safi ya usawa wa bahari yenye nyuzi 20 huweza kushika takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, hushika takribani 7.6. Samaki anahitaji zaidi wakati ule ule anapopewa kidogo. Ukiona samaki wa bwawani wanahema juu ya maji siku ya joto kali, hii ni sababu mojawapo.

Samaki wa Ziwa Tanganyika unaopaswa kuwajua ni hawa. Dagaa hula viumbe vidogo vinavyoelea majini. Mgebuka humla dagaa. Sangala ni mla samaki mkubwa zaidi. Kuhe ni mmoja wa samaki wakubwa kuliko wote katika jamii ya sikilidi duniani, na wazazi wote wawili hulinda watoto. Ziwa hili lina zaidi ya aina 200 za sikilidi, na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Baadhi ya majike huatamia mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Kila yai linalolindwa vizuri hivyo huwa na nafasi kubwa zaidi ya kutoa mtoto hai kuliko yai lililotelekezwa.

Samaki mwingine wa kukumbuka ni kamongo, anayepatikana kwenye maeneo ya majimaji kama bonde la Mto Malagarasi. Ana matamvua, lakini pia ana mapafu, na hupanda juu kuvuta hewa. Maji yakikauka, hujichimbia kwenye tope, hujifunika kwa ute, na hungoja mvua. Anaweza kungoja hivyo kwa miezi kadhaa kwa sababu mwili wake hautumii chakula kutengeneza joto.

3. Amfibia

Kundi hili lina vyura, salamanda, na wanyama wasio na miguu wanaofanana na minyoo wakubwa. Neno la kulikumbuka kwa amfibia ni ngozi. Ngozi yao ni laini, haina magamba, na lazima iwe na unyevu, kwa sababu hutumika kupumulia pamoja na mapafu. Oksijeni huyeyuka kwanza kwenye unyevu wa ngozi, ndipo hupenya kuingia kwenye damu. Ngozi ikikauka, njia hiyo hufungwa. Sasa unajua kwa nini vyura huimba usiku na baada ya mvua, na mchana wa jua hujificha.

Moyo wao una vyumba vitatu: auriko mbili na ventriko moja. Damu yenye oksijeni na isiyo na oksijeni hukutana kwenye ventriko na huchanganyika kiasi.

Vyura wengi hutaga majini mayai yasiyo na ganda. Dume humwaga mbegu juu ya mayai, kwa hiyo utungishaji hufanyika nje ya mwili. Yai huwa kiluwiluwi mwenye mkia na matamvua. Kisha miguu huota, mapafu hukua, mkia hunywea, na chura mchanga hutoka majini. Kasi ya safari hiyo hutegemea joto la maji. Viluwiluwi wa aina moja wakiwekwa kwenye maji ya uvuguvugu hukamilika mapema kuliko wa maji ya baridi. Vimeng'enya tena.

Tanzania ina mfano ambao dunia nzima huutumia: chura wa Kihansi. Ni mdogo sana, wa rangi ya manjano, na jike huzaa watoto walio hai badala ya kutaga. Aliishi sehemu moja tu duniani, kwenye manyunyu ya maporomoko ya Mto Kihansi katika milima ya Udzungwa. Bwawa la umeme lilipoanza kazi mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji ya mto ilielekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakapungua sana. Vyura walipungua, na mwaka 2009 aina hiyo ilitangazwa kuwa imetoweka katika mazingira yake ya asili. Waliokuwa wamepelekwa kutunzwa Marekani ndio waliozaliana, na kuanzia mwaka 2012 vyura walianza kurudishwa Kihansi, ambako manyunyu ya kutengenezwa yaliwekwa. Mnyama anayepumua kwa ngozi hategemei "mazingira" kwa ujumla tu. Anategemea unyevu wa hewa inayomgusa.

4. Reptilia

Mijusi, nyoka, kobe, kasa, kenge na mamba wako hapa. Reptilia walitatua tatizo la chura kwa njia tatu. Ngozi yao ni kavu na ina magamba yanayozuia maji kupotea. Hupumua kwa mapafu. Utungishaji hufanyika ndani ya mwili, na wengi hutaga yai lenye ganda na utando unaokihifadhi kiinitete ndani ya majimaji yake. Kwa hiyo mamba, ingawa huishi majini, hutaga nchi kavu.

Moyo wa reptilia wengi una vyumba vitatu, na ventriko imegawanyika nusunusu. Mamba ni tofauti: moyo wake una vyumba vinne kamili. Swali hili hupendwa na watunga mitihani.

Reptilia hurekebisha joto kwa tabia. Mjusi huota jua asubuhi na kukimbilia kivulini mchana. Mamba hutoka majini akalala ufukweni, na akizidiwa na joto hukaa ameachama mdomo ili unyevu wa kinywani uvukize na kumpoza. Katika Ziwa Tanganyika yupo pia swila wa maji, nyoka mwenye sumu anayewinda samaki na kujificha kwenye mawe ya ufukweni.

Joto hufanya kazi hata ndani ya yai. Jinsia ya mamba haiamuliwi na kromosomu kama yako. Huamuliwa na jotoridi la kiota. Kwa mamba wa Afrika, joto la kati, kama nyuzi 32 hadi 34 hivi, huleta madume; chini au juu ya hapo huleta zaidi majike.

5. Faida na hasara za kuazima joto

Wanafunzi wengi hueleza hasara tu, kana kwamba damu baridi ni upungufu. Andika pande zote mbili.

Faida: chakula kidogo hutosha. Reptilia huhitaji takribani sehemu moja ya kumi ya nishati inayohitajiwa na mamalia wa uzito ule ule. Mamba aliyeshiba anaweza kukaa miezi bila kula. Nishati inayobaki huenda kwenye kukua na kuzaa.

Hasara: mnyama huwa mzito wa mwendo kukiwa na baridi, hawezi kuishi mahali penye barafu ya muda mrefu kwa urahisi, na hawezi kukimbia kwa kasi kwa muda mrefu kama mamalia.

Usiandike pia kwamba samaki wote hawana joto lao kabisa. Jodari wa Bahari ya Hindi huhifadhi joto linalotengenezwa na misuli yake, na huogelea akiwa na misuli yenye joto kuliko maji. Na usichanganye: pomboo na nyangumi si samaki, ni mamalia wenye damu moto. Bafe huzaa watoto hai, lakini bado ni reptilia.

6. Jambo linalogusa sahani yako

Sasa tutumie kanuni yote kwenye swali la kufikiri. Ziwa Tanganyika lina kina cha takribani mita 1,470, lakini upande wa kaskazini, zilipo Kigoma na Ujiji, oksijeni hufika mita 100 hivi tu. Chini ya hapo samaki hawawezi kuishi. Virutubisho vingi viko huko chini, kwa sababu mizoga na uchafu huzama. Mwani unaoanzisha mnyororo wa chakula uko juu, kwenye mwanga. Virutubisho vinapaswa kupandishwa, na anayevipandisha ni upepo, hasa ule wa kutoka kusini wa miezi ya kiangazi, unaosukuma maji ya juu na kuyachanganya na ya chini.

Tofauti ya joto kati ya maji ya juu na ya kina ni nyuzi chache tu. Lakini maji ya moto ni mepesi. Ya juu yakiongezeka joto hata kidogo, huelea kwa uthabiti zaidi na upepo hushindwa kuyachanganya. Mwaka 2003, tafiti zilizochapishwa katika majarida ya Nature na Science zilionyesha kwamba ziwa limepata joto na mchanganyiko wa maji umepungua. Utafiti mmoja ulikadiria kwamba uzalishaji wa mwani huenda umeshuka kwa takribani asilimia 20, na kwamba samaki wanaoweza kuvuliwa wangepungua kwa takribani asilimia 30.

Fuata mnyororo: mwani ukipungua, viumbe vidogo vinavyoelea hupungua, dagaa hupungua, mgebuka hupungua, na fungu la dagaa linalopandishwa kutoka mwaloni Kibirizi hadi gulioni Kalinzi hupanda bei. Ongeza juu yake uvuvi uliokithiri na nyavu zenye matundu madogo, ambazo humkamata samaki kabla hajazaa. Ndiyo sababu nchi nne zinazozunguka ziwa, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikubaliana juu ya kupumzisha uvuvi, na mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kwa familia za wavuvi miezi hiyo mitatu ni migumu. Kupumzisha uvuvi hakupozi ziwa. Kunapunguza tu mzigo wa pili. Mwanafunzi anayeeleza yote mawili, joto na uvuvi, hupata alama kamili.

7. Jipime

Swali la 1. Tuseme wanyama wawili waliwekwa chumbani kwenye nyuzi 15, 25 na 35. Mwili wa mnyama A ulipimwa nyuzi 16, 25 na 34. Wa mnyama B ulipimwa 37, 37 na 38. Yupi ni wa damu baridi? Yupi atakula zaidi kwenye nyuzi 15?

Jibu: A ni wa damu baridi, kwa sababu joto la mwili wake linafuata la mazingira. B atakula zaidi kwenye nyuzi 15, kwa sababu lazima atengeneze joto jingi kufidia linalopotea. Ukitaja A bila kutumia namba za jedwali kama ushahidi, utapata nusu ya alama.

Swali la 2. Kwa nini chura hawezi kuishi mahali pakavu ambapo mjusi anaishi? Taja sababu mbili.

Jibu: ngozi ya chura hupoteza maji na lazima iwe na unyevu ili apumue, ilhali ya mjusi ina magamba, na mayai ya chura hayana ganda, huhitaji maji, ilhali ya mjusi yana ganda.

Swali la 3. Panga kwa idadi ya vyumba vya moyo: mamba, dagaa, chura.

Jibu: dagaa 2, chura 3, mamba 4.

Swali la 4. Eleza kwa hatua jinsi ongezeko dogo la joto la maji ya juu ya Ziwa Tanganyika linavyoweza kupunguza dagaa.

Swali hili la mwisho hatukupi jibu. Rudi sehemu ya 6, funga kitabu, andika hatua tano kwa maneno yako, kisha linganisha. Ukiweza kumweleza mdogo wako nyumbani mpaka akaelewa kwa nini dagaa wameadimika, uko tayari kwa mtihani.